Uzito wa OM-1 Uko Kwenye Lenzi

Anayetafuta kamera nyepesi ya filamu kwa kawaida huanza na bodi, kisha akaifunga lenzi nzito kama tofali. Yoshihisa Maitani wa Olympus alikataa mwendo huo. Kamera yake ilitoka mwaka 1972 kwa jina la M-1, ikageuzwa OM-1 baada ya Leica kulalamika. Bodi ina gramu 510 hivi, lakini ufundi wenyewe umo kwenye lenzi zilizobuniwa pamoja nayo.

Zitazame lenzi pana za Olympus, ziitwazo Zuiko: 21 mm f/3.5, 24 mm f/2.8 na 28 mm f/3.5. Hakuna inayofika gramu 200, na zote hutumia filta ya mm 49, kwa hiyo filta moja nyekundu inatosha mfuko mzima. Ukitaka 24 mm ya f/2, unabeba gramu 280 na filta ya mm 55, kwa faida ya stopu moja tu ya mwanga. Kwa milima na majengo ya mchana, huko ni kujitwisha bure.

Mimi ningechukua 24 mm. Inaona nyuzi 84 kwa mshazari, wakati 28 mm inaona 75. Weka f/11, fokasi karibu mita 1.75: kuanzia chini kidogo ya mita moja hadi upeo wa macho, kila kitu kinatoka wazi, na fokasi huigusi tena. Lakini haina huruma. Inua kamera kidogo tu, kuta zinalala nyuma. Mpiga picha za watu achukue 28 mm, nyuso za pembeni zisivutike mno.

Ili kupunguza kimo cha bodi, mitambo ya kasi ya shata ilishushwa chini ya kioo, na pete yake ikawekwa kuzunguka mahali lenzi inapofungwa kwenye bodi. Mkono wa kushoto unamaliza kazi yote: kasi nyuma, fokasi katikati, tundu mbele. Aliyezoea Nikon hupapasa juu, akakuta gurudumu la ASA.

Ukiikuta dukani, jua kwamba kipima mwanga kilitengenezwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo haiuzwi tena. Ya alkali ya volti 1.5 hupotosha vipimo. Shata haitaki betri kabisa, kwa hiyo kipima kibovu ni hoja ya kushusha bei tu. Cha kuogopa ni sifongo ya kwenye prizimu: ikioza hula rangi ya fedha, nawe ukichungulia unaona madoa meusi. Hiyo iache.