Mto Uliorudishiwa Mawe Yake

Mto ukianza kula sakafu yake, wengi husema umezidi nguvu, na dawa inayokimbiliwa ni zege. Kisa cha mto Drac, katika bonde la Champsaur kwenye milima ya Alps nchini Ufaransa, chaonyesha ugonjwa mwingine: mto ulinyimwa mawe. Maji yanayoteremka kwa kasi huweza kubeba kiasi fulani cha changarawe. Yakifika na mzigo pungufu, huchimba yanapopita. Karibu na Saint-Bonnet, kwa miongo kadhaa ya karne ya 20, changarawe ya ujenzi ilizolewa mtoni kwa wingi kuliko ile iliyoletwa na mafuriko. Sakafu ikashuka kwa meta kadhaa.

Kwa kawaida mto wa milimani una kinga yake. Mawe makubwa hubaki juu, yakabanana kama vigae na kuyafunika madogo. Hata yakisombwa, mafuriko yajayo huleta mengine. Lakini chini ya changarawe ya Drac kulikuwa na udongo wa mfinyanzi. Mawe yanayopita juu yake huukwangua kama msasa, na kilichokatwa hakirudi, maana hakuna mafuriko yanayoujenga upya. Hivyo kusitisha uchimbaji kulikuwa lazima, ila peke yake kusingetosha.

Mwaka 2013 na 2014, kwenye kipande cha takriban kilomita 4, mkondo ulipanuliwa hadi meta zipatazo 100 na kumwagiwa zaidi ya meta za ujazo 350,000 za changarawe. Je, si itasombwa na mafuriko ya kwanza? Ingemwagwa katika mfereji mwembamba, naam. Nguvu inayong'oa jawe hutegemea kina cha maji na mteremko. Maji yale yale yakitandazwa kwenye upana mkubwa huwa na kina kifupi, na mawe hutulia. Upana ndio nusu ya tiba, na nadhani ndio nusu inayosahaulika zaidi.

Vizuizi vya zege vina mahali pake, hasa penye nguzo za daraja au kijiji kilichobana mto. Lakini kizuizi hushikilia sakafu ya upande wa juu tu; miguuni pake maji yanayoporomoka huchimba shimo, na shimo hilo hudai kizuizi kingine. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la ardhi: kupanua mkondo ni kummegea mtu shamba. Hata hivyo, shamba lililo juu ya mto uliozama haliko salama. Kingo ndefu zilizosimama wima huporomoka, na maji ya ardhini hushuka pamoja na sakafu.

Linalobaki ni mawe ya kesho. Tangu sheria ya 1860 ya kuotesha misitu milimani, Ufaransa imepanda miti na kujenga mabwawa madogo ya kunasa mawe ya makorongo, na vijiji vingi vinayategemea. Yasibomolewe. Ila changarawe inayozolewa nyuma yake yanapojaa isiuzwe kwa wajenzi. Ipakiwe kwenye malori, ikamwagwe mtoni upande wa chini.