Pongezi kwa mafundi wa jenereta wa Butembo

Mji wa Butembo, mashariki mwa Kongo, ulijijenga kibiashara miaka mingi bila umeme wa taifa. Saluni, wauza soda baridi, wenye fotokopi na makanisa walitegemea jenereta ndogo, na nyuma ya kila jenereta kulikuwa na fundi. Hao nawapongeza kwa moyo wote.

Fundi mzuri habadilishi kitu kwa pupa. Anapima oili kwanza, maana jenereta nyingi hukataa kuwaka oili ikipungua, na mwenyewe akadhani mashine imekufa. Kisha anafungua buji na kuisoma. Ikiwa kavu, esansi haifiki: tenki lina uchafu, au tundu la kabureta limezibwa na masalia ya esansi iliyolala miezi. Ikiwa imelowa, anaipangusa, anaigusisha kwenye chuma cha injini, mbali na esansi, anavuta kamba na kutafuta cheche ya buluu. Cheche ikiwepo na kamba ikivutika kwa wepesi mno, shaka inahamia kwenye valvu na ringi.

Ninachokiheshimu zaidi ni ujuzi wao wa mlima. Mji wa Beni uko chini zaidi. Butembo, kilomita 54 hivi kusini, iko juu ya mita 1,700, na hewa yake ni nyepesi. Kabureta iliyorekebishwa Beni, ikifika Butembo humwaga esansi nyingi mno kwa hewa iliyopo, na buji hujaa masizi. Fundi asiyelijua hilo atauza buji mpya kila mara. Anayelijua anapunguza esansi, na mteja anarudi dukani kwake na buji yake ileile.