Ramani ya Viumbe wa Kale

Kazi ninayotaka uipime pamoja nami si kitabu wala shairi, ni ramani. Yaitwa Paleobiology Database Navigator, na kila mwenye kompyuta na intaneti aweza kuifungua bila malipo. Ramani hiyo imejaa nukta za rangi mbalimbali. Kila nukta ni mahali palipopatikana visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa katika miamba, na rangi yake hutambulisha enzi ya viumbe hao.

Kwanza tuisifu, maana haki ya kazi njema ni sifa. Vitabu vingi huwapanga viumbe wa kale katika orodha ya majina magumu. Ramani hii huwarudisha mahali pao. Chini yake pana mstari wa enzi. Chagua enzi ya Jurasiki, na nukta za enzi nyingine hutoweka. Iamuru tena, na mabara yenyewe huondoka yalipo yakarudi yalipokuwa zamani hizo, Afrika ikiwa imeshikana na Amerika ya Kusini. Somo ambalo mwalimu angelieleza kwa saa nzima hueleweka kwa kutazama mara moja.

Lakini ramani hii ina kasoro, nayo si ndogo. Nukta zimesongamana Ulaya na Marekani kama siafu. Katika sehemu kubwa ya Afrika ni chache, zimetawanyika. Kijana asiyeonywa atadhani kwamba viumbe wa kale waliikimbia nchi yake. Sivyo hata kidogo. Nukta huonyesha mahali mtu alipotafuta, akapata, akaandika. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba asilimia 97 ya taarifa za visukuku zilichangiwa na wataalamu wa nchi zenye kipato cha juu au cha kati cha ngazi ya juu. Basi ramani ya viumbe ni ramani ya wenye uwezo pia.

Tazama Tendaguru, karibu na Lindi, Tanzania. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walisimamia uchimbaji wa mifupa ya dinosauri hapo. Mamia ya wenyeji waliichimbua na kuichukua mpaka pwani. Leo dinosauri mmoja wa Tendaguru amesimama katika makumbusho mjini Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Nukta hukuonyesha alikotoka. Haikuonyeshi aliko, wala mabega yaliyombeba.

Tazama na Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu, Mkenya mwenye jicho kali, aliona hapo kipande kidogo cha fuvu. Uchimbaji ulipoendelea, ilipatikana mifupa mingi ya mvulana aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Kabla ya jicho lile kupita, mahali pale palikuwa pengo tu.

Laiti watunzaji wa ramani wangeongeza rangi moja, ya kuonyesha mahali pasipochunguzwa bado, kasoro hiyo ingepungua sana. Mpaka hapo, itumie ramani hii kwa furaha na kwa hadhari. Pengo ulionalo katika nchi yako usilisome kama ukiwa. Lisome kama kazi inayokungoja. Mtafutaji hachoki, akichoka, keshapata.