Vidole Vinavyosoma Mzizi

Jioni moja daktari kijana wa meno aliniruhusu nikae pembeni yake akifanya mazoezi ya kutibu mzizi. Mbele yake palikuwa na gego lililokwisha kung'olewa, limesimikwa ndani ya kipande cha plasta, na juu alikuwa ameshalitoboa. Akachukua tupa nyembamba ya chuma, ncha yake milimita 0.1, akaipinda kidogo mwishoni, akaiingiza. Hakuisukuma. Aliizungusha nusu kulia, nusu kushoto, kama mtu anayetia saa ufunguo. "Hapa pana kona," akasema. Mimi sikuona kitu. Naye hakuwa ameona. Vidole ndivyo vilivyomwambia.

Ndani ya mzizi hamna bomba lililonyooka. Mswisi Walter Hess alijaza mpira ndani ya meno zaidi ya elfu mbili, akaliyeyusha jino lenyewe, ukabaki mchoro wa vijito vinavyogawanyika, vinavyokutana tena, vinavyochepuka pembeni. Kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1925, na tangu hapo hakuna daktari makini anayeuchukulia mzizi kuwa njia moja. Gego la kwanza la juu lina mizizi mitatu, lakini mara nyingi lina mifereji minne, na huo wa nne ni mwembamba, umejificha. Ukiachwa na uchafu wake, jino linaweza kurudi kuuma hata kama mingine mitatu imesafishwa vizuri.

Uchafu wenyewe ni nini? Jibu lililonyooka kuliko yote lilitolewa Marekani mwaka 1965 na Kakehashi, Stanley na Fitzgerald. Walitoboa meno ya panya hadi kwenye kiini, wakayaacha wazi. Panya wa kawaida viini vyao vilioza, usaha ukatunga. Panya waliolelewa bila kijidudu hata kimoja, ingawa chakula kilijaa kwenye matundu yale, walianza kujijengea ukuta mpya wa jino juu ya kidonda. Mimi naiona kazi hii kuwa mojawapo ya majaribio mazuri zaidi katika tiba: swali moja, jibu moja, na kila anayeshika tupa leo anatembea juu yake.

Ndiyo maana daktari yule aliosha kila mara. Kutoa tupa, kuosha, kurudisha tupa. Maji yale ni sodiamu haipokloriti, jamaa ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, na harufu yake utaitambua mara moja. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ilioshea vidonda vya askari. Tupa hufungua njia tu; kwenye vichochoro ambavyo chuma hakifiki, ni maji haya yanayoingia kusafisha.

Mwisho mfereji huzibwa kwa gataperka, utomvu wa miti ya Malaysia na visiwa jirani. Utomvu huohuo ulifunika nyaya za telegrafu za baharini karne ya 19, ukiwamo waya uliofika Zanzibar mwaka 1879. Kilichozuia maji ya chumvi kilometa nyingi sasa kinazuia mate kwa milimita ishirini hivi.

Na utafiti wa mzizi haukuishia kwenye kuziba. Mwaka 2000 zilitangazwa seli shina zilizopatikana ndani ya kiini cha jino la mtu mzima, na leo zinachunguzwa kwa ajili ya kujenga upya mfupa na hata neva. Mwaka 2004 Banchs na Trope walieleza jino la mtoto lililokufa kabla mzizi haujakomaa: waliua vijidudu, wakachokoza damu iingie kwenye mfereji, wakaliziba kwa juu, na mzizi ukaendelea kukua. Jino lililohesabiwa maiti likamalizia kazi yake.

Zilipita kama dakika arobaini kabla daktari hajafika mwisho wa mfereji ule mmoja. Alifuta tupa, akaitazama ncha yake kwenye mwanga, akaanza wa pili.

Basi, ndugu msomaji, gego likikuuma usiku kucha, usiingie kliniki na neno "ng'oa" mdomoni. Uliza kwanza kama mzizi unatibika. Na ukitibiwa, rudi livikwe kofia yake, maana gego lililotolewa kiini na kuachwa bila kufunikwa hupasuka kwa urahisi zaidi.