Ni perere tu huyo: hofu isiyopiga kelele na filamu ya Kati Kati

Kama umewahi kulala Lushoto karibu na msitu wa Magamba, huenda unaujua ule mlio. Usiku umekwenda, ukungu umeshuka, baridi imebana. Mara kitu kinaanza kukoroma juu ya miti, mkoromo unapanda taratibu mpaka unakuwa kama yowe la mtu. Ukiwa mgeni, usingizi kwisha. Mwenyeji wako atakwambia, "Ni perere tu huyo," kisha atageukia upande wa pili alale.

Perere ni mnyama mdogo, ukubwa wa sungura, anayekula majani na kujificha kwenye matundu ya miti. Hana ubaya na mtu. Sasa jiulize: kilichokutisha ni nini hasa? Si mnyama, maana hukumwona. Ni zile dakika chache za kutojua.

Mwaka 2016 watafiti wa University College London walichapisha jaribio zuri kuhusu jambo hili. Waliwachezesha watu 45 mchezo wa kompyuta: unageuza mawe, ukikuta nyoka unapigwa shoti ya umeme mkononi. Wakawa wanapima jasho na kutanuka kwa mboni za macho. Msongo haukuwa mkubwa zaidi pale mtu alipojua kabisa kwamba shoti inakuja. Ulifika kileleni uwezekano ulipokuwa nusu kwa nusu. Jaribio hilo halikuhusu sinema, kwa hiyo tusilibebeshe mzigo usio wake. Ila linatupa swali la kuiuliza filamu yoyote ya kutisha: inatuacha nusu kwa nusu kwa muda gani?

Filamu zetu nyingi hazituachi hata dakika. Tangu enzi za Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, miaka ya 2000, tumezoea kinanda kinachotangaza jini kabla hajaingia mlangoni. Si kwamba hazina raha. Sebule nzima hupiga kelele pamoja, na hiyo ni raha yake. Lakini ukishamwona jini na rangi yake usoni, hesabu imekwisha.

Sasa tazama Kati Kati (2016) ya Mkenya Mbithi Masya, iliyopata tuzo ya wahakiki wa kimataifa, FIPRESCI, kule Toronto. Kaleche, anayeigizwa na Nyokabi Gethaiga, anazinduka nyikani akiwa na gauni la hospitali. Hakumbuki chochote. Anafika kwenye nyumba ya wageni, anapokelewa vizuri tu, halafu anaambiwa amekufa. Hakuna anayemkimbiza. Jua linawaka, watu wanacheka, na wewe unayetazama huna amani, kwa sababu kila mmoja pale ana jambo asilotaka kulikumbuka. Haikuuzwa kama filamu ya kutisha, lakini ilinikaa kichwani kuliko nyingi zilizouzwa hivyo. Kasoro yake? Kuelekea mwisho inaanza kufafanua mno, na kila ufafanuzi unapunguza baridi kidogo.

Unaweza kusema haya ni mambo ya ladha tu. Sidhani. Filamu ya kelele kwa kawaida humaliza hofu kwa kumwonyesha mhusika: huyu hapa mchawi. Tanzania tunajua kidole hicho kinaweza kufika wapi. Wazee, hasa wanawake, wameuawa kwa tuhuma za uchawi, katika jamii ambazo zilipata msiba na kutaka jibu la haraka. Sisemi sinema ndiyo iliyoua. Nasema haja ya kuipa hofu jina upesi ni ileile, na filamu tulivu inatufanyisha zoezi la kinyume: kaa na hofu yako, itazame, usimtafutie mtu.

Kwa hiyo, nyie mnaotengeneza filamu, njooni Usambara na kinasa sauti kizuri. Ukungu upo, miti ipo, kinanda kiacheni nyumbani. Na wewe msomaji, siku ukisikia yowe la Magamba, usiulize haraka ni nini. Subiri kidogo, usikilize mwili wako unavyofanya. Halafu ndipo umwamshe mwenyeji wako.