Kimya cha Ukutani: Diego Rivera na Kiwanda cha River Rouge
Michoro 27 ya ukutani aliyoichora Diego Rivera katika Jumba la Sanaa la Detroit, Marekani, mwaka 1932 na 1933, inakitukuza kiwanda cha magari cha Ford, River Rouge, kilichoko kitongojini Dearborn. Kifani, kazi hii imekomaa: katika ukuta wa kaskazini, panapoundwa injini ya V8, wafanyakazi weusi kwa weupe wameinama pamoja, misuli ikishindana na mitambo. Lakini tarehe 7 Machi 1932, wiki chache kabla ya Rivera kuwasili, watu wasio na ajira walioandamana hadi kiwandani hapo walimiminiwa risasi. Wanne wakauawa siku hiyo. Ukutani hawamo. Kumwita Rivera msanii wa wafanyakazi si kosa, ila kimya hicho nacho ni sehemu ya maudhui. Na aliyeigharimia kazi yenyewe ni Edsel Ford, mkuu wa kampuni.