Nani Apange Bei ya Maumivu?

Katikati ya miaka ya 1990, Wilaya ya Morogoro Vijijini, yenye sehemu kubwa ya milima ya Uluguru ndani yake, ilipanga bajeti ya afya kwa mazoea tu: unachukua ya mwaka jana, unaongeza kidogo. Mradi wa TEHIP, wa Wizara ya Afya na shirika la utafiti la Kanada, IDRC, ukaingia hapo na Rufiji na swali la kihasibu. Je, fedha zinaufuata mzigo wa maradhi?

Takwimu hazikutoka hospitalini, maana wengi hufia nyumbani. Tangu 1992 mradi mwingine, AMMP, ulikuwa ukihesabu watu kaya kwa kaya. Palipotokea msiba, mhojaji alirudi kwa wafiwa: homa ilianza lini? Alikohoa? Alipata degedege? Madaktari waliyasoma majibu wakakisia sababu ya kifo, kisha ikahesabiwa miaka ambayo marehemu angeweza kuishi. Kwa hesabu hiyo, mtoto wa miaka 2 ana uzito mkubwa kuliko mzee wa miaka 70.

Matokeo yaliumbua bajeti. Malaria ilichukua asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea Morogoro, ilhali bajeti ya 1996 iliitengea asilimia 5. Kifua kikuu, kisichofika asilimia 4 ya mzigo, kilipata asilimia 22. Waganga wa wilaya walitatizwa na majedwali yenye orodha ndefu ya magonjwa, hivyo yakageuzwa kuwa michoro inayoonyesha sehemu ya mzigo ambayo kila huduma ingeweza kuigusa. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo hatua ya werevu kuliko zote katika mradi ule. Fedha zikahamishwa, na vifo vya watoto katika wilaya hizo mbili vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40 ndani ya miaka michache, ingawa vyandarua na mafunzo ya kutibu watoto navyo vilichangia.

Kipimo hicho cha miaka iliyopotea kilikuwa na nguvu kwa sababu kilikwepa ubishi. Hakuna anayehitaji kuulizwa kama kifo ni hasara. Lakini mwanamke ambaye mgongo umemzuia kulima kwa miaka 15, bila kufa, haonekani popote katika hesabu ile. TEHIP ilikuwa na nyenzo ya kusikiliza jamii, ila sauti hiyo haikuingia ndani ya kipimo chenyewe. Ili mama huyu ahesabiwe, lazima mtu aseme mwaka mmoja wa maumivu yake ni sawa na sehemu gani ya mwaka uliopotea kabisa.

Mwanzoni waliosema ni wataalamu. Agosti 1995 kikundi chao kilikutana Geneva, kikapima hali 22 za mfano kwa kujiuliza ni watu wangapi wa hali fulani wangelingana na wangapi wazima. Baadaye wakaulizwa wananchi. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2012 uligonga milango Bangladesh, Indonesia, Peru na kwetu kisiwani Pemba, ukapiga simu Marekani, na kuongeza dodoso la intaneti. Jumla watu zaidi ya 30,000. Mtu alielezewa wagonjwa wawili wa kubuni, akachagua yupi mwenye afya zaidi. Chaguo kama hizo zikiwa nyingi, takwimu huzipanga hali zote kwenye ngazi moja kati ya 0 na 1.

Majibu ya Pemba yalifanana mno na ya Marekani. Wengi walishangilia, mimi nilisita. Upofu, ambao kwa wataalamu wa zamani ulikuwa na uzito wa karibu 0.6, uliangukia 0.195. Swali lilihusu afya, si ugumu wa maisha, na asiyeona anaweza kabisa kuwa na mwili wenye afya. Lakini mkulima asiyeona wa Mgeta, huko milimani Uluguru, anayepaswa kuteremka mteremko na tenga la mboga kichwani, hakuwemo katika maelezo. Mazingira yalikuwa yameondolewa makusudi ili nchi zilinganishwe.

Njia nyingine humuuliza mtu mwenyewe angekata miaka mingapi. Uishi miaka 10 ukiwa na maumivu makali, au michache ukiwa mzima? Ukiona 7 mizima inalingana na 10 hiyo, hali hiyo ina thamani ya 0.7. Uganda ilichapisha majedwali yake ya namna hii mwaka 2022, kwa dodoso la EQ-5D lenye vipengele vitano, na hali mbaya kuliko zote ikashuka chini ya hasi 1: waliohojiwa waliiona mbaya kuliko kifo.

Kipengele cha kwanza katika dodoso hilo ni kutembea. Mtu wa Kihonda, mjini Morogoro, kwenye tambarare na bodaboda mlangoni, na mtu wa Uluguru anayepanda mlima kwa saa mbili kufika zahanati, watatia alama ile ile kwenye "shida kidogo", lakini huenda wasikubali kukata idadi ile ile ya miaka ili waiepuke. Watakaohoji watu Morogoro kwa dodoso hilo wapange sampuli ya mlimani peke yake, na wasiichanganye na ya mjini kabla ya kuona tofauti ni kubwa kiasi gani.